Vilengeo vya Marlin 1895 Guide Gun: Kipi Kinafaa kwa Bunduki Fupi Yenye Teke Zito

Marlin 1895 Guide Gun ni bunduki ya wenzo, yaani ile inayotiwa risasi nyingine kwa kusukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio, iliyobuniwa kwa kazi inayojulikana wazi, nayo ni kubebwa mkononi kutwa nzima katika vichaka na mvua za Alaska, kisha kufyatuliwa kwa haraka na kwa umbali mfupi dhidi ya mnyama mkubwa. Ilitoka mwaka 1998 ikiwa na mtutu wa inchi 18.5, yaani sentimita 47, na uzito wa takriban kilo 3.2, ikitumia risasi ya .45-70 Government ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873. Jina lake linatokana na viongozi wa uwindaji, kwa sababu sheria ya Alaska humtaka Mmarekani asiye mkazi wa jimbo hilo awe na kiongozi mwenye leseni, au ndugu wa karibu aliye mkazi, anapowinda dubu wa kahawia, na dubu akijeruhiwa akakimbilia kichakani, kiongozi ndiye anayetangulia kumfuata. Tangu Ruger iliponunua Marlin mwaka 2020, bunduki hizi hutengenezwa North Carolina, na kwa maoni yangu zinatoka zikiwa zimekamilika vizuri kuliko zile za miaka michache iliyotangulia. Tathmini hii, hata hivyo, inahusu vilengeo vyake tu, yaani vile inavyokuja navyo kutoka kiwandani na vile ambavyo mnunuzi anaweza kuvifunga badala yake.

Ni lazima kwanza kueleza teke, yaani nguvu ambayo bunduki hurudi nayo begani inapofyatuliwa, kwa kuwa ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine. Risasi za .45-70 ambazo viwanda vimezipunguza nguvu kusudi ili zisipasue bunduki za kale za Springfield hazimsumbui mtu mzima. Anayeingia katika makazi ya dubu, lakini, hubeba risasi nzito za gramu 26 au zaidi zilizojazwa baruti ya kutosha, na katika bunduki nyepesi namna hii teke lake huzidi mara mbili lile la .30-30 ambalo wawindaji wengi wa bunduki za wenzo wamelizoea. Matoleo ya kwanza ya Guide Gun yalikuwa na matundu karibu na mdomo wa mtutu ili kupunguza kuinuka kwa bunduki, lakini yaliongeza kelele masikioni mwa mpigaji na mwenzake, na Marlin iliyaondoa baada ya miaka michache. Kwa hiyo teke lipo, na kilengeo chochote kinachofungwa juu ya bunduki hii hupokea mshtuko huo kila risasi inapotoka. Skrubu hulegea, vioo hafifu hupoteza mlingano, na chochote kilicho karibu mno na jicho hulifikia jicho.

Kilengeo cha kiwandani cha Guide Gun ya kawaida ni cha mtindo wa zamani. Nyuma, juu ya mtutu wenyewe, kuna bamba dogo lenye masikio mawili yaliyopinda kuelekea juu na mfuo mwembamba katikati, na mbele kuna kidole chenye shanga kichwani. Kwa kijana mwenye macho makali, anayefyatua mchana mweupe dhidi ya karatasi isiyosogea, kilengeo hiki kinatosha. Nje ya hapo kasoro zake ni nyingi. Jicho linatakiwa kuona vitu vitatu kwa pamoja, yaani mfuo, shanga na mnyama, ilhali haliwezi kuona kwa ukali zaidi ya kimoja, na mtu akishapita miaka arobaini na kitu, mfuo ule ulio karibu huanza kuwa ukungu. Masikio ya bamba hufunika sehemu ya chini ya mnyama, hasa pale anapokuja moja kwa moja. Isitoshe, shanga ya shaba iliyo mviringo hung'aa upande unaoelekea jua, jicho likauchukua upande huo kuwa ndiyo kati ya shanga, na risasi ikaenda kando bila mpigaji kujua kwa nini.

Kasoro kubwa zaidi, lakini, inatokana na ufupi wa mtutu. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele katika mpangilio huu ni kama sentimita 35 tu. Mpigaji akikosea kuweka shanga katikati ya mfuo kwa nusu milimita, kosa ambalo jicho lililochoka halilioni kabisa, risasi hukengeuka takriban sentimita 14 kwa mita 100. Kilengeo hichohicho cha nyuma kikihamishiwa juu ya mwili wa bunduki, karibu na jicho, umbali kati ya viwili hivyo huzidi sentimita 50, na kosa lilelile la nusu milimita hushuka hadi chini ya sentimita 10. Hakuna kilichobadilika katika mtutu wala katika risasi, bali ni mahali pa kipande kimoja cha chuma.

Hapo ndipo kilengeo cha tundu kinapoingia, na niseme mapema kwamba ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza kwa bunduki hii. Badala ya mfuo, nyuma huwekwa pete yenye tundu katikati, na mpigaji hutazama kupitia tundu hilo bila kulitazama lenyewe. Jicho la binadamu hutafuta katikati ya duara bila kuamrishwa, kwa hiyo kazi inayobaki ni kuweka kidole cha mbele juu ya mahali panapolengwa na kuvuta kifyatulio. Vitu vitatu vya kuona vinakuwa viwili, na tundu lenyewe, kama linavyofanya tundu dogo la kamera, huongeza ukali wa kile kilicho mbele, jambo ambalo wenye macho ya uzeeni hulitambua mara moja.

Watengenezaji watatu wa Marekani wanastahili kutajwa. Skinner Sights ya Montana hutengeneza vilengeo vidogo vya chuma au shaba ambavyo hukaa chini sana juu ya mwili wa bunduki, havina pembe za kunasa matawi, na sehemu yake ya katikati hufunguliwa kwa skrubu ili kupata tundu dogo la kulenga kwa utulivu au tundu kubwa la vichakani. Marekebisho yake ni ya polepole, kwani mtu hulegeza, husogeza, hukaza, kisha hujaribu tena, lakini kilengeo kikishakaa hakisogei. XS Sights ya Texas huuza seti yenye pete kubwa nyuma na kidole cha mbele chenye mstari mweupe uliosimama, na kwa kasi ya kuinua na kufyatua sijaona kinachoishinda, ingawa kidole hicho kipana hufunika sehemu kubwa ya shabaha ndogo iliyo mbali. Williams ya Michigan ina ile iitwayo Foolproof, ambayo hufungwa ubavuni mwa bunduki na kurekebishwa kwa usahihi mkubwa kwa bisibisi, bila vitufe vinavyojitokeza vya kuguswa na mkono au begi. Kwa kupiga shabaha Williams ndiyo ninayoipenda zaidi, lakini mwili wake wa alumini uko wazi ubavuni, na kwa bunduki itakayoburuzwa katika mashua na kuegemezwa kwenye miamba ningechukua Skinner ya chuma bila kusita.

Anayeanza kutumia tundu mara nyingi huchagua dogo mno. Tundu dogo hupendeza kiwanjani, ambako mwanga ni mwingi na muda upo, lakini alfajiri na jioni, wakati ambao wanyama hutembea, hugeuka kuwa giza. Tundu kubwa, ambalo pete yake karibu itoweke mbele ya jicho, hupoteza usahihi kidogo kuliko watu wanavyodhani, na kwa mita 100, ambazo ndizo karibu mwisho wa kazi halisi ya bunduki hii, tofauti hiyo haina maana kwa mnyama mwenye kifua cha ukubwa wa dubu. Mvua huweza kuziba tundu dogo kwa tone moja, ilhali kubwa husafishwa kwa pumzi. Kuhusu kidole cha mbele, ninapendelea chenye uso bapa ulioinama kidogo kuelekea jicho na rangi nyeupe, kwa sababu uso bapa haulichezei jua kama shanga. Vile vyenye uzi wa plastiki unaokusanya mwanga huonekana vizuri sana mchana, lakini uzi huo ni mwembamba na huweza kukatika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, upo uhusiano wa kihistoria unaofaa kukumbukwa hapa. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ndefu ya uwindaji, miongoni mwa bunduki zake ilikuwa Winchester ya wenzo ya mwaka 1895 ya kaliba .405, ambayo ni bunduki tofauti kabisa na Marlin hii ijapokuwa zinashiriki nambari ya mwaka. Roosevelt alikuwa na macho mabovu, na Winchester yake ilitupa maganda kwa juu, hivyo darubini isingeweza kukaa pale ambapo leo tunaiweka. Marlin hutupa maganda ubavuni na mgongo wake ni bapa na mzima, umbile ambalo kampuni hiyo ilikuwa nalo tangu modeli yake ya 1889, na ndiyo sababu swali la darubini linaweza hata kuulizwa.

Basi tuliulize. Darubini ndogo isiyokuza sana ina faida ambazo si haki kuzificha. Inaweka shabaha na alama katika upeo mmoja, inakusanya mwanga wa jioni, na inamwezesha mwindaji kutambua tawi lililo kati yake na mnyama, jambo ambalo kilengeo cha chuma hakiwezi. Lakini kipimo cha kwanza cha kusoma kabla ya kununua, hata kabla ya ukuzaji, ni umbali ambao jicho linatakiwa kukaa kutoka kwenye kioo cha nyuma. Darubini nyingi za kawaida zinataka jicho liwe karibu sentimita 9, na kwa bunduki ya .45-70 yenye risasi nzito umbali huo ni mwaliko wa kupasuliwa nyusi, hasa mtu anapofyatua akiwa amelala kifudifudi au akielekeza bunduki juu mlimani, ambapo kichwa husogea mbele bila mwenyewe kutambua. Leupold FX-II ya ukuzaji wa mara 2.5, yenye kioo cha mbele cha milimita 20, huruhusu jicho kukaa zaidi ya sentimita 12 nyuma na ina uzito wa gramu 184 tu. Hiyo ndiyo aina ya darubini inayoielewa bunduki hii. Uzito nao si jambo la starehe tu, kwa kuwa kadiri darubini inavyokuwa nzito ndivyo inavyozivuta skrubu zake kwa nguvu zaidi pale bunduki inaporuka kwenda nyuma na yenyewe inataka kubaki ilipokuwa.

Hata darubini nzuri, hata hivyo, inakutana na kitako ambacho hakikuchongwa kwa ajili yake. Mgongo wa kitako cha Guide Gun uko chini ili jicho lilingane na vilengeo vya chuma. Darubini ikiwekwa juu ya pete ndefu, mpigaji hulazimika kuinua shavu, na shavu lisilogusa mti hupigwa na mti. Pete za chini kabisa, pamoja na mto wa ngozi unaofungwa juu ya kitako, hupunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Tena nyundo ya bunduki hufichwa chini ya darubini, na ni lazima ifungwe kipande cha pembeni ili kidole gumba kiifikie, nayo skrubu ya kipande hicho hupenda kulegea. Bunduki iliyokuwa ikishikwa katikati kwa mkono mmoja, mahali inapojisawazisha yenyewe, sasa ina bomba juu ya mahali hapohapo. Wapo wanaokwepa hayo kwa kuiweka darubini mbele, juu ya mtutu, kwa reli ndefu. Zile zilizotengenezwa kwa nafasi hiyo huruhusu jicho kukaa zaidi ya sentimita 20 nyuma, na nyusi zinakuwa salama kabisa, lakini jua likiwa nyuma ya mpigaji huingia katika kioo cha nyuma na kuifanya picha yote kuwa nyeupe, na uzito uliosogea mbele huifanya bunduki fupi iwe nzito mdomoni.

Swali la kweli ni kama mtu anahitaji darubini kwa kile ambacho .45-70 inaweza kufanya. Hornady hutengeneza risasi ya gramu 21 yenye ncha laini, salama kwa magazini ya bomba ambamo ncha moja hukaa nyuma ya kitako cha nyingine, na takwimu zao zinaonyesha kwamba kilengeo kikirekebishwa ili risasi hiyo ipige karibu sentimita 8 juu kwa yadi 100, itakuwa sentimita 10 chini kwa yadi 200 na takriban sentimita 70 chini kwa yadi 300. Takwimu hizo ni za mtutu wa inchi 24, na katika mtutu wa Guide Gun kasi ni ndogo zaidi. Risasi nzito zenye uso bapa, zile ambazo watu wa dubu huzitumia, huanguka mapema kuliko hiyo. Kwa hiyo darubini yenye ukuzaji mkubwa juu ya bunduki hii humwonyesha mwindaji mnyama ambaye hapaswi kumpiga.

Kilengeo cha nukta nyekundu ndicho mshindani wa kweli wa tundu, na kwa baadhi ya watu ndicho mshindi. Aimpoint Micro H-2 ya Sweden ni kijibomba kidogo chenye nukta inayofunika takriban sentimita 6 kwa mita 100, haikuzi kitu, haidai jicho likae mahali maalumu, na betri yake moja ya CR2032 hudumu miaka kadhaa ikiwa imewashwa muda wote. Teke la .45-70 haliisumbui. Mpigaji huacha macho yote mawili wazi, hutazama mnyama, na nukta huwa juu yake. Kwa mtu ambaye kidole cha mbele cha chuma kimekuwa ukungu hata kupitia tundu, hii ndiyo tiba, na ni afadhali aigharimie kuliko kuendelea kubahatisha.

Hata hivyo nina mashaka nayo ya aina mbili. Wenye kasoro ya macho ya astigmatizimu huiona nukta ikiwa imepasuka kuwa nyota au koma, na hakuna bei inayoondoa hilo, kwa hiyo mtu aitazame dukani kabla ya kulipa. La pili ni hali ya hewa. Vile vilengeo vidogo vilivyo wazi, ambavyo taa yake huangaza kutoka nyuma hadi kwenye kioo kimoja, hushika theluji na tone la mvua kati ya taa na kioo, na nukta hupotea au kutawanyika. Kijibomba kilichofungwa pande zote mbili hakina shida hiyo, ingawa vioo vyake vya nje huhitaji kufutwa. Modeli ya SBL ya Marlin, ile ya chuma kisichoshika kutu, huja na reli ndefu yenye pete ya kulengea mwishoni mwake, na mpangilio ninaoukubali ni kuiweka nukta mbele ya reli hiyo kwa kiweko kinachofunguka kwa mkono. Kioo kikichafuka au betri ikifa, kiweko hufunguliwa, na pete ya chuma ipo palepale. Anayeanza na Guide Gun ya kawaida atalazimika kununua reli kwanza, na gharama ya yote kwa pamoja inakuwa mara kadhaa ya bei ya kilengeo cha tundu.

Ufungaji una uzito sawa na uchaguzi. Nimeona kilengeo kizuri kikitupiwa lawama ilhali kosa lilikuwa la skrubu zilizokazwa juu ya mafuta ya kiwandani. Matundu yasafishwe kwa spiriti mpaka yakauke, skrubu zitiwe gundi ya nyuzi ile isiyo ya kudumu, zikazwe kwa kifaa chenye kipimo, kisha ziachwe usiku kucha. Baada ya risasi chache nzito zikaguliwe tena. Mstari mwembamba wa rangi uliopita juu ya kichwa cha skrubu na mwili wa bunduki huonyesha mara moja kama kuna kilichogeuka.

Ulinganishaji, yaani kurekebisha kilengeo mpaka risasi ipige panapolengwa, ufanywe kwa risasi ileile itakayobebwa. Risasi nzito ya mwendo wa polepole hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi wakati bunduki imekwisha kuanza kuinuka, hivyo kwa umbali mfupi mara nyingi hupiga juu kuliko nyepesi yenye kasi, na mtu aliyelinganisha kwa risasi za bei nafuu atashangaa zamu ya zile za dubu itakapofika. Tundu jipya la nyuma likikaa juu kuliko bamba la zamani, risasi zote zitapanda, na dawa yake ni kidole cha mbele kirefu zaidi. Wauzaji wakubwa hutoa vidole vya urefu mbalimbali, na XS huuza vyote viwili kwa pamoja, jambo linalomwondolea mnunuzi hesabu hiyo. Ulinganishaji ukishafanyika mezani, usiamini chochote mpaka umefyatua ukiwa umesimama, umevaa koti la mvua na glovu utakazovaa huko, kwa sababu unene wa koti husogeza shavu na jicho pamoja nalo.

Kwa mnunuzi wa leo wa Guide Gun mwenye macho yanayoona kidole cha mbele, pendekezo langu ni Skinner ya chuma yenye tundu kubwa na kidole cheupe bapa mbele. Anayetaka kasi kuliko usahihi achukue XS. Asiyekiona kidole achukue nukta iliyofungwa, akiacha pete nyuma yake. Darubini ndogo nyepesi ninampendekezea yule tu anayewinda musi au elki, kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, pembezoni mwa misitu na anayejua kwamba hatafyatua risasi nyingi nzito. Bamba la zamani likishaondolewa hubaki mfereji wazi juu ya mtutu, wenye kingo kali zinazokata vidole na kukusanya uchafu na maji. Kipande cha chuma cha kuuziba huuzwa kwa bei ndogo sana, na ni vyema kukiagiza siku ileile pamoja na kilengeo, kwani hugongwa kuingia kutoka kulia kwenda kushoto kabla kilengeo kipya hakijafungwa.